Kwa Rehema, Uliyemwacha Zuwena Juu ya Mnara

Mpendwa mpwa wangu Rehema,

Salamu tulikwisha kupeana kwenye simu, kwa hiyo naingia moja kwa moja. Ujumbe wako wa sauti ulinikuta chini ya lori, mikono yote miwili imeshika giaboksi. Nikaufungua kwa kidole gumba cha mguu. Usicheke. Vidole vyangu vya miguu vina akili kuliko nusu ya mafundi wa Kisenyi. Nikakusikia ukisema: "Mjomba, mkataba wameniongezea. Mwaka huu sirudi, na mwakani sijui. Msiendelee kunisubiri. Mchomoleeni Zuwena nati yake. Ikiwa ya kufa, afe. Na glavu usivue."

Nilibaki nimelala pale chini mpaka mwenye lori akainama kunichungulia. "Fundi, umelala?" Nikamwambia nasikiliza injini. Injini ilikuwa imezimwa.

Basi hii ndiyo barua ya kukueleza yaliyompata Zuwena. Nimeiandika wazi na wengi wataisoma, sawa tu. Tangu nizaliwe sijawahi kumwambia mtu mmoja jambo likaishia kwake. Kwa ajili ya wasiotujua, itanibidi nirudi nyuma kidogo. Wewe vumilia, huko Maskati si una kiyoyozi? Babu yetu aliapa mpaka kufa kwake kwamba kwao ni huko huko Maskati. Mimi naamini alitoka Bagamoyo na mzigo wa chumvi, lakini wewe ukienda sokoni ulizia jina letu.

Unakumbuka lile tairi la akiba ulilokuwa ukikalia ukitoka shule? Mama yako alikuwa akikuacha kwangu gereji, na mimi nikikutuliza kwa hadithi. Nilikueleza nilivyoshuka milima ya Kabale na lori la mbao lisilo na breki, nikatoa mguu mlangoni, nikakanyaga barabara kwa kisigino mpaka lami ikatoa moshi. Alama ipo mpaka leo, aende anayebisha. Nilikueleza na yule mamba wa ziwani niliyemtazama machoni mpaka akaona haya akarudi majini. Wewe ulikuwa ukisikiliza mpaka mwisho, halafu unauliza swali lile lile: "Na wewe mjomba, hukufa?"

"Ningekufa, nani angekusimulia?"

Siku moja ukafikiri, mdomo umejaa kabalagala, yale maandazi ya ndizi, ukasema: "Basi hadithi zako zote nazijua mwisho wake." Nilicheka, lakini neno lile lilinikaa kama mchanga kwenye kabureta.

Kisha ukakua, ukaenda kusomea uuguzi kule kilimani Nsambya, na Jumapili moja ukarudi na mchezo mliofundishana hosteli. Uliueleza hivi: watu wanakaa pamoja, kila mmoja anajitungia mtu wa kuwa. Mmoja wao ni msimulizi. Anawaambia mko msituni, mbele kuna zimwi, mnafanyaje? Mnasema mnachofanya, na bahati ndiyo inayoamua kama mmeweza. Mimi nikaona hii kazi ni yangu, wamechelewa kuniita.

Bahati yenyewe uliileta kwenye kimfuko: dadu za rangi, nyingine zina nyuso ishirini kama nanasi. Mama yako alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata macho.

"Dadu haziingii kwenye nyumba ya marehemu baba yangu."

"Mama, si kamari. Hatuwekeani kitu."

"Nimesikia. Haziingii."

Watu wanasema wazo la nati lilikuwa lako. Waseme. Nati zenyewe zilitoka kwangu, nati ishirini za magari ishirini tofauti, nami ndiye niliyezigonga namba moja mpaka ishirini kwa patasi bila kukosea hata moja. Tukazitia kwenye kopo la mafuta ya injini. Unatia mkono, unachomoa, ukipita kumi umefaulu, usipopita umeumia. Mama yako akaja kutazama lile kopo, akasema, "Chuma sina ugomvi nacho," akarudi kwenye mchele wake.

Tukawa tunachezea gereji kwangu kila Jumapili. Wiki ya tatu ukagundua ya kwamba gereji nzima tunafaulu tu, hakuna anayeumia. Kizito fundi bodi alikuwa hajachomoa chini ya kumi na tano. Ulimtazama, ukanitazama. "Nyinyi mnazijua kwa vidole!" Sasa mwanangu, ulitegemea nini? Mtu aliyefunga nati tangu utotoni atashindwa kuitofautisha ya lori na ya pikapu gizani? Ndipo ukatunga sheria yako: anayechomoa lazima avae glavu ya kuchomelea, ile nene ya ngozi. Ndani ya ile glavu hata mimi, mwenye vidole kama macho, sikujua kitu.

Meza ilikuwa boneti la gari juu ya mapipa mawili. Viti vilikuwa viti vya magari yaliyokufa. Wewe ulichagua kile cha mbele cha pikapu nyeupe, chenye kamba ya mpira mgongoni, ukasema kinakuegemeza vizuri. Juu ya boneti kila mmoja alisimamisha kitu cha kumwakilisha. Mimi nilisimamisha plagi ndefu kuliko zote, maana mtu wangu alikuwa Jemadari Tufani, urefu wake mlango mmoja na nusu, sauti yake inaangusha maembe mabichi. Kizito alikuwa mhunzi mpole. Mama Sauda, yule Mnubi wa chai pale getini, hakucheza. Alikuja kukusanya vikombe, akakaa kusikiliza, vikombe vikapoa.

Na sasa lile daraja. Wewe ulikuwa msimulizi. Daraja la kamba, chini mawe, nyuma yetu zimwi. Mhunzi wa Kizito alikuwa ameshavuka. Ukaniuliza, taratibu, kama ninyi wauguzi mnavyouliza mtu anaumwa wapi: "Jemadari anafanyaje?"

Nikasimama. "Jemadari hakimbii. Anageuka katikati ya daraja, anamweleza zimwi yeye ni nani."

"Anamweleza kwa urefu?"

"Kwa urefu wake wote."

Nikahutubia. Kizito ni shahidi, watu waliacha kupiga rangi upande wa pili wa ukuta wakaja kunisikiliza. Nilipomaliza ukasema: "Muda wote huo zimwi lilikuwa linakata kamba. Vaa glavu."

Nikachomoa. Moja.

"Kamba imekatika."

"Nashika kamba ya pili."

"Hakuna ya pili, mjomba."

"Basi nachoma upanga kwenye mwamba, naning'inia."

"Chomoa."

Tatu. Ukaichukua ile nati mkononi mwangu, ukairudisha kwenye kopo, ukasema: "Jemadari Tufani amekufa."

Mwanangu, nimefukuzwa shule, nimefukuzwa nyumba, lakini sijawahi kusikia neno kama lile. Nilikwambia haiwezekani, mimi mwenyewe nilitumbukia na gari kwenye bonde la Kabale nikatoka na kucha moja tu iliyovunjika. Hukupandisha sauti. "Huyo ni wewe, mjomba. Huyu ni Jemadari."

Nikaenda zangu getini. Mama Sauda akanifuata na kikombe. "Pole na msiba," akasema, na hakuwa anatania.

Kumbe neno limetoka. Wale waliokuwa wakisikiliza nyuma ya ukuta walisikia "amekufa," wakaondoka nalo. Jumatatu asubuhi nafungua gereji nakuta wazee wa duka la bolti wamesimama na kofia zao, wapagazi wamebeba mkungu wa matoke, na yule Msomali wa vipuri ananishika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Fundi, tumesikia Jemadari wenu ametutoka. Mazishi baada ya Adhuhuri au Alasiri?"

Ningefanyaje? Watu wamefunga maduka. Nikawakalisha, nikawaeleza. Daraja, zimwi, hotuba, kamba. Niliona wanavyosogea mbele. Nilipofika kwenye mawe, yule Msomali akauliza kwa pupa, "Halafu? Akashika nini?"

"Hakushika kitu. Alikufa."

Nakwambia, Rehema: Kisenyi nzima na honi zake zote, mimi nilisikia birika la Mama Sauda likichemka getini. Mzee mmoja akajifuta uso akasema, "Inna lillahi. Alikuwa mtu." Hakuna hadithi yangu iliyowahi kumfanya mtu ajifute uso. Mamba hakuwahi, lori la Kabale halikuwahi. Mpaka leo watu wakipita hawaniulizi mamba. Wananiambia, "Fundi, tueleze yule aliyekufa." Nawaeleza. Bado nampa urefu wa mlango mmoja na nusu, sasa hivi unakaribia milango miwili, lakini mwisho wake siugusi.

Jumapili iliyofuata nilikuja na plagi mpya. Kizito akaiweka pembeni. Alikuwa ametoka kwake Bwaise, mvua ilikuwa imeingia ndani, bado ana buti za mpira na matope mpaka magotini, na bado akapata nguvu ya kunibishia.

"Ssebo, bwana wangu, mrithi nani?"

"Mrithi wa nini? Amekufa, natengeneza mwingine."

"Banange, jamani! Kwetu Buganda mtu hajamaliza kufa mpaka mrithi asimikwe. Anavishwa nguo ya gome la mti, anapewa mkuki, na kutoka siku hiyo yeye ndiye yule. Watoto wa marehemu wanamwita baba. Unataka Jemadari atupwe tu pale kwenye mawe?"

Nikasema basi nitajirithi mwenyewe. Kizito akatikisa kichwa kwa huruma. "Marehemu hajirithi."

Wewe ulitabasamu tu, kwa sababu jambo hilo halikuwemo kwenye kitabu chako cha mchezo. Ndipo Mama Sauda akasema yeye alikuwepo wakati wa kifo na hotuba anaikumbuka yote. Akaisema, neno kwa neno, vikombe mkononi. Ikaisha hapo, mrithi ni yeye. Badala ya gome tukamvisha gamba la kiti cha basi, badala ya mkuki spana ya tairi. Kizito akatangaza, kisha akanigeukia: "Msalimie mkubwa wako."

Nikainamisha kichwa. "Shikamoo, Jemadari."

"Marahaba, mwanangu," Mama Sauda akajibu. "Rudisha vikombe getini."

Ulicheka mpaka ukakalia sakafu. Kicheko kile ninacho bado, huwa nakifungua nikiwa chini ya magari.

Ndipo ukaniambia nikae kiti cha msimulizi. Ulisema: "Miaka yote umenisimulia najua hufi. Sasa nisimulie na mimi niweze kufa." Nikakuuliza utakuwa nani, nikidhani utasema tabibu. "Kutwa nzima natibu watu, mjomba. Jumapili nataka kuwa mwizi." Ukaweka juu ya boneti kile kifuniko kidogo cha valvu ya tairi, hata hakionekani vizuri, ukamwita Zuwena Mkono Mwepesi. Alikuwa akiiba funguo tu. Dhahabu anaiacha, anachukua funguo, anafungulia watu.

Jumapili yako ya mwisho, mabegi yako ya Maskati tayari yamefungwa, Zuwena alipanda mnara wa Sultani kufuata ufunguo wa gereza. Alikuwa ameushika tayari. Chini walimngoja Jemadari wa Mama Sauda na mhunzi wa Kizito. Kilichobaki kilikuwa kushuka. Ukatazama saa, ukasema, "Mwacheni hapo hapo. Nikirudi nitashuka." Ukaondoka.

Tukamwacha. Jumapili kwa Jumapili Zuwena alikaa juu ya mnara, na sisi hatukutaka kusogea. Nikawatafutia wale wawili kazi ndogondogo. Wamewinda mbuzi katika nchi ile mpaka mbuzi wamekwisha. Wamechimba visima. Mhunzi wa Kizito amefungua karakana. Kila nikitaka kuwarudisha mnarani, nakiona kiti chako cha pikapu, nasema, "Mvua imenyesha, barabara haipitiki." Mvua imenyesha mwaka mzima katika nchi ile.

Ndipo ukaja ujumbe wako, nikaupeleka kwa mama yako. Aliusikiliza mara mbili. Hakuuliza mkataba wala mshahara. Aliuliza, "Huyo Zuwena ni nani?"

"Ni mtu wake katika mchezo."

"Na anataka mmuue?"

"Anataka tusimsubiri."

Mama yako akaendelea kukuna nazi. Mimi nikakaa pale mlangoni, na nakwambia sikuwa na hadithi hata moja mdomoni. Niliogopa. Niliona Zuwena akifa ndio umekwisha kuhama, kabisa, kwamba tutakuwa tumefunga mlango sisi wenyewe kwa mikono yetu, na wewe umetutuma.

Jumapili iliyofuata nikavaa glavu. Kizito aliifunga mwenyewe kwenye kiwiko. Nikatia mkono kwenye kopo. Nati namba ishirini naijua: ya gurudumu la lori, kona yake moja imelika, vidole vyangu vingeiona hata nikiwa na homa. Ilikuwa humo, pengine imegusana na ngozi ya glavu. Kuivua glavu ni kuvuta tu. Nikasikia sauti yako, "Na glavu usivue." Ulijua. Uko ng'ambo ya bahari na ulijua.

Nikachomoa. Nne.

Kizito akasema haraka, "Rudia. Hakuna aliyeona."

"Mimi nimeona," akasema Mama Sauda, polepole. Alikuwa amekwisha kushika spana ya Jemadari.

Basi nikasimulia. Mimi, ambaye nikieleza nilivyonunua kiberiti natumia nusu saa, nilisema maneno machache tu. Nilisema Zuwena alisikia walinzi wanapanda. Nilisema aliutupa ufunguo chini kwanza, Jemadari akaudaka. Nilisema alianza kushuka, jiwe la tatu likang'oka. Nilisema gereza lilifunguliwa asubuhi ile na watu walitoka wakitafuta mtu wa kumshukuru. Sikuongeza chumvi. Kizito alivua kofia.

Kisha akakohoa. "Mrithi? Aliyekufa ni mwanamke. Arithiwe na mwanamke, wa nyumbani kwake."

"Mimi ni wa nyumbani kwake."

Tukageuka. Mama yako alikuwa amesimama getini, na kigoda chake cha jikoni kwapani. Sijui alifika saa ngapi. Tangu gereji ianze hajawahi kuvuka lile geti Jumapili.

"Dada," nikamwambia, "huyu marehemu alikuwa mwizi."

"Mwizi wa nini?"

"Wa funguo."

"Basi nitaiba funguo." Mama yako, Rehema! Asiyewahi kuchuma hata ndimu ya jirani inayoning'inia upande wetu wa ua!

Kizito akamvisha gamba la kiti, nami nikamkabidhi kile kifuniko cha valvu. Akakitazama kwenye kiganja, akakifunga kwenye ncha ya leso. Nikamwambia kinakaa juu ya boneti. Akasema kitakaa juu ya boneti akiketi. Kizito, kwa adabu zake, akapangusa kiti chako cha pikapu kwa shati lake: "Karibu mama, kaa hapa."

Mama yako akaweka kigoda chake chini, pembeni ya kile kiti, akakikalia.

"Nimekuja na changu," akasema. "Hicho kina mwenyewe."

Kisha akanyoosha mkono avalishwe glavu. Akachomoa kumi na tisa, akaniuliza kama ni nyingi.

Kwa hiyo mwanangu, agizo lako limetimia, glavu sikuvua. Zuwena amekufa kifo kizuri kuliko cha Jemadari, nasema hivyo mimi niliyekuwa Jemadari, na mrithi wake anafungua milango mpaka namwomba apumzike. Hatukungoji tena. Mchezo unaendelea. Kiti chako nimekifunika turubai kwa sababu ya vumbi la rangi, na Jumamosi mama yako hulifunua, hukipangusa, hulirudisha. Sisemi urudi lini. Nasema tu kwamba siku ukija utaanza na mtu mpya, kama mgeni, na mwizi wa zamani atakuwa ameketi pembeni yako juu ya kigoda. Chunga funguo zako.

Mjomba wako, kaka wa mwizi,
Kisenyi